Ngozi ya Mafuta Kwenye Joto la Mombasa: Mwongozo Kamili wa Kuitunza

Malalamiko ni yale yale, hubadilika tu jina la mlalamikaji. Naosha uso asubuhi, nikifika kazini unang'aa. Naosha tena mchana, saa kumi umerudi vilevile. Nimebadilisha sabuni, nimejaribu ndimu, nimeacha losheni kabisa. Sasa uso unang'aa na unababuka kwa pamoja, na chunusi ziko pale pale.

Wanaokwama hapa si wavivu. Wengi wanajitahidi kupita kiasi, na juhudi hizo ndizo zinazowaharibia. Soma mpaka mwisho kabla ya kutoa pesa mfukoni, kwa sababu hatua ya kwanza huenda ikakuonyesha kwamba huna ngozi ya mafuta hata kidogo.

## Tezi haisikii sabuni

Mafuta ya usoni hutoka kwenye tezi ndogo zilizo chini ya ngozi, nyingi zaidi kwenye paji la uso, pua, kidevu, kifua na mgongo wa juu. Tezi hizo hupokea amri kutoka ndani ya mwili: homoni za balehe, mzunguko wa hedhi, na urithi wa wazazi. Joto nalo husaidia mafuta kulainika na kusambaa, ndiyo maana uso wa Februari, kaskazi ikivuma, si uso wa Julai wakati wa kusi.

Sabuni huondoa mafuta yaliyokwisha kutoka tu. Haina njia ya kuiambia tezi ipunguze kazi. Ukisugua mara sita kwa siku, tezi itaendelea kutoa kiasi chake kilekile, ila ngozi ya juu itakuwa imechubuka, na ngozi iliyochubuka huwasha, hubabuka na kuacha madoa meusi.

Kwa hiyo kazi yako ni ndogo kuliko ulivyodhani: kupunguza mafuta yaliyo juu, kuweka vitundu vya ngozi wazi, na kutoivunja ngozi yenyewe. Uso usiong'aa kabisa saa nane mchana katika mji huu haupo, na anayekuuzia ahadi hiyo anakuuzia hewa.

## Vitu vya kuwa navyo

Orodha ni fupi kwa makusudi. Ukiona mtu anakutajia vitu kumi, jua anauza.

- Sabuni laini ya uso, ya maji au ya jeli, isiyo na harufu kali.
- Losheni nyepesi ya jeli yenye glisirini, isiyo na mafuta. Kopo liwe na maandishi ya kusema haizibi vitundu vya ngozi.
- Krimu ya kukinga jua, SPF (kipimo cha kinga) 30 au zaidi, ya jeli au ya majimaji.
- Dawa moja tu ya ngozi, utakayoichagua kwenye hatua ya sita.
- Tishu za kawaida, na taulo ndogo ya pamba isiyotumiwa na mtu mwingine.
- Mtungi mmoja wa maji baridi yasiyo na chumvi, kama maji ya nyumbani kwako ni ya kisima.

Nunua kwenye kemisti yenye mfamasia. Krimu zilizoanikwa juani siku nzima kando ya barabara, hata kama si bandia, joto limekwisha kuzidhoofisha. Kwa sababu hiyohiyo usiziache kwenye gari wala dirishani. Kabati lenye kivuli linatosha.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni mafuta, si jasho

Hapa ndipo wengi wa Mombasa wanapojidanganya. Hewa yetu ina unyevu mwingi, jasho halikauki upesi, na uso wenye jasho hung'aa sawasawa na uso wenye mafuta.

Fanya jaribio jioni, jua likishatua, ukiwa umekaa mbele ya feni. Osha uso kwa sabuni laini, kausha kwa kugusagusa, kisha usipake kitu. Ngoja saa moja. Chukua vipande vinne vya tishu ubandike kimoja kwenye paji, kimoja puani, na kimoja kwenye kila shavu. Bonyeza taratibu, kisha viweke mbele ya feni kwa dakika kumi.

Sasa viinue kwenye taa. Doa la jasho litakuwa limekauka na kutoweka. Doa la mafuta hubaki, na mwanga hupenya pale.

Madoa kwenye vipande vyote vinne: una ngozi ya mafuta. Madoa kwenye paji na pua peke yake: una ngozi mchanganyiko, na hiyo ndiyo ya watu wengi. Fuata hatua zote, ila dawa ya hatua ya sita iishie kwenye paji, pua na kidevu. Hakuna doa popote: shida yako ni jasho. Maji matupu, tishu na krimu nyepesi ya jua vitakutosha. Dawa za kukausha mafuta zitakuumiza bure.

## Hatua ya 2: Acha vinavyoharibu, wiki mbili kamili

Kabla ya kuongeza kitu, punguza. Ngozi iliyochokozwa haiwezi kukuambia kipi kinaisaidia.

Ndimu ndiyo ya kwanza kuacha. Maji yake ni makali, na yakikutana na jua juu ya ngozi huunguza. Malengelenge hutoka, kisha huacha weusi unaoweza kukaa miezi. Mji ulio nyuzi 4 kusini ya ikweta si mahali pa kutembea na ndimu usoni.

Dawa ya meno juu ya chunusi, spiriti, sabuni ya kufulia, kusugua kwa chumvi au sukari: acha vyote. Vinakausha juu na kuacha kidonda chini.

Halafu kuna mkorogo, na hapa nitasema bila kuzunguka. Krimu nyingi za kung'arisha zina zebaki, haidrokwinoni (kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi) au steroidi kali. Bidhaa za urembo zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku Kenya na KEBS, shirika la viwango la nchi, lakini bado zinapita chini ya meza. Zebaki hupenya mwilini na kudhuru figo. Steroidi huufanya uso uwe laini na mzuri wiki za mwanzo, ndipo ngozi huwa nyembamba, mishipa hujitokeza na chunusi hufumuka kwa wingi. Kopo lisiloandikwa vilivyomo ndani, au lililochanganywa na mtu kwenye bakuli, halina nafasi usoni mwako.

Onyo: kama umetumia krimu ya namna hiyo kwa miezi, usiikate ghafla bila kumwona daktari. Ngozi hulipuka ikiachishwa steroidi kwa mara moja, na watu wengi huirudia krimu kwa sababu hiyo tu.

Mafanikio ya hatua hii: uso hauchomi tena maji yakiugusa. Utang'aa bado. Usijali.

## Hatua ya 3: Osha mara mbili, na uyafikirie maji

Sabuni ni asubuhi na usiku. Mara ya tatu ni kama umetoka jasho la mazoezi, umecheza mpira ufukweni au umeogelea baharini.

Weka sabuni kidogo kiganjani, itoe povu kwa maji, kisha ipitishe usoni kwa ncha za vidole kama nusu dakika hadi dakika nzima. Usitumie dodoki. Zingatia pembe za pua na mpaka wa nywele, maana mafuta ya nywele hukusanyika hapo. Suuza mpaka usihisi utelezi.

Ngozi ya uso ina uasidi kidogo, pH karibu 5. Sabuni ya kipande huwa na pH ya 9 au 10. Ule ukavu unaoufanya uso ukaze baada ya kuosha, ambao watu huuita usafi, ni dalili kwamba umeosha kupita kiasi.

Sasa maji. Mitaa mingi hapa hutegemea visima, na maji hayo yamepita kwenye mwamba wa matumbawe. Yana chokaa, na mara nyingi chumvi juu yake. Chokaa hukamatana na sabuni ya kipande na kufanya utando mweupe, uleule unaouona kwenye ndoo. Utando huo hubaki usoni pia, ukaziba na kuwasha. Wapo waliobadilisha krimu mwaka mzima kumbe adui yuko ndooni.

Huna haja ya kuoga kwa maji ya chupa. Oga kwa maji ya kisima kama kawaida, kisha suuza uso kwa kopo moja la maji baridi ya mfereji, ya mvua au ya mkokoteni. Kopo moja. Na tumia sabuni laini ya maji, kwa sababu nyingi kati ya hizo hazifanyi utando na chokaa.

Kwa wanaotawadha mara tano: udhu ni maji, hauhitaji sabuni. Maji matupu hayahesabiki kwenye zile mara mbili, na hata yanasaidia kupoza uso. Usijisugue kwa mkono wa kanzu au ncha ya mtandio baada yake. Acha uso ujikaukie au uguseguse kwa taulo yako. Ukitawadha kwa maji ya chumvi, kopo la mwisho la maji baridi lipitishe usoni ukirudi nyumbani.

Mafanikio: dakika kumi baada ya kuosha, uso ni laini, haukazi wala hauwashi.

## Hatua ya 4: Paka losheni, ndiyo, hata wewe

Hii ndiyo hatua inayorukwa na kila mtu. Mafuta na maji ni vitu viwili, na ngozi inaweza kuwa na wingi wa mafuta huku imekosa maji. Utaitambua: inang'aa juu, lakini ukitabasamu inakaza na kuonyesha mistari midogo.

Uso ukiwa bado na unyevunyevu, paka jeli nyepesi, kiasi cha punje mbili za mbaazi kwa uso mzima. Ikiwa bajeti hairuhusu, glisirini ya kemisti inafaa: matone mawili matatu kiganjani, changanya na maji au marashi ya mawaridi, kisha paka. Glisirini tupu usiipake, itanata na vumbi lote la barabarani litakaa hapo.

Mafuta ya nazi yabaki kwenye nywele na miguu. Usoni, kwa ngozi ya mafuta, huziba vitundu vya ngozi. Najua bibi alipaka na ngozi yake ilikuwa safi mpaka uzeeni. Huenda hakuwa na ngozi ya mafuta.

## Hatua ya 5: Kinga jua

Weusi wa ngozi una kinga yake, lakini hauzuii madoa. Chunusi ikipona juani huacha doa jeusi kuliko ikipona kivulini, na wengi huteswa na madoa kuliko chunusi zenyewe. Baadhi ya dawa za hatua inayofuata nazo huifanya ngozi iwe nyepesi kuungua.

Kipimo ni mistari miwili ya krimu kwenye vidole viwili, uso na shingo. Paka dakika kumi na tano kabla ya kutoka. Kama kazi yako ni ya juani, iwe ni bodaboda, kuuza sokoni Kongowea au kuongoza wageni Fort Jesus, rudia kila baada ya saa mbili. Anayekaa ofisini anaweza kurudia mara moja, kabla ya kutoka kula mchana.

Anayeswali apange hivi: krimu ya asubuhi baada ya udhu wa alfajiri, au kabla tu ya kuondoka nyumbani. Ya pili baada ya Adhuhuri. Udhu wa Adhuhuri utakuwa umeshapunguza jasho na krimu ya asubuhi, uso uko tayari.

Ikikuachia weupe wa majivu, tafuta ya jeli isiyo na rangi, au yenye rangi ya kahawia. Ile ya kahawia ina oksidi za chuma zinazosaidia kuzuia madoa kuliko isiyo na rangi. Ukiona uso unang'aa zaidi baada ya kupaka, krimu hiyo ni nzito. Badilisha krimu, usiache hatua.

## Hatua ya 6: Chagua dawa moja

Moja. Mtu akinunua zote nne na kuzipaka usiku mmoja, asubuhi atakuwa na uso mwekundu na lawama kwa muuzaji.

Unang'aa, pua ina vidoti vyeusi, chunusi ni chache. Chukua asidi ya salisiliki ya asilimia 2. Huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo huingia ndani ya kitundu na kulegeza kilichoziba. Anza usiku mbili kwa wiki, kisha tatu. Usiitumie kama aspirini inakudhuru, maana ni za jamii moja.

Chunusi nyekundu zenye usaha. Benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5, au 5 ukiikosa. Asilimia 10 haifanyi kazi zaidi kwa kiasi cha kustahili mateso yake. Paka safu nyembamba, acha dakika tano hadi kumi, osha. Na sikiliza vizuri: dawa hii hufifisha rangi ya nguo. Buibui jeusi litatoka mabaka ya rangi ya kutu, leso mpya ya Biashara Street itaharibika, na foronya pia. Vaa nguo kuukuu, lalia foronya nyeupe.

Vipele vidogo vingi vilivyofichika chini ya ngozi, vinavyorudi kila mwezi. Jeli ya adapalini ya asilimia 0.1, punje moja ya mbaazi kwa uso mzima, usiku, juu ya ngozi iliyokauka kabisa. Wiki za kwanza ngozi hubabuka na chunusi zinaweza kuongezeka kabla ya kupungua. Wengi huacha hapo, kabla ya kuanza kuona nafuu. Mjamzito, au anayetafuta mimba, asiiguse.

Unang'aa tu, na una madoa. Niasinamaidi ya asilimia 4 au 5 ni pole, hupunguza mng'ao kiasi na kusaidia madoa. Wenye ngozi inayochokozeka upesi waanzie hapa.

Yoyote utakayochagua, ijaribu kwanza kwenye taya karibu na sikio, usiku tatu. Kuwashwa kidogo ni kawaida. Uvimbe au malengelenge si kawaida, acha.

Mafanikio huja polepole. Vidoti vyeusi hupungua baada ya wiki nne hivi, chunusi baada ya wiki sita hadi nane, na adapalini huhitaji mpaka wiki kumi na mbili. Piga picha siku ya kwanza, dirishani, saa ileile, maana kioo cha kila siku hakionyeshi mabadiliko.

## Hatua ya 7: Mchana, usioshe, pangusa

Uso ukianza kung'aa saa sita, bonyeza tishu kwa sekunde chache kwenye paji na pua, kisha iondoe. Usisugue. Kurundika poda juu ya mafuta hufanya ukoko. Pangusa kwanza, kisha poda kidogo ukitaka.

Angalia pia vinavyogusa uso. Kofia ya ndani ya mtandio hunyonya jasho na mafuta ya nywele kutwa nzima, kisha huvaliwa tena kesho yake. Uwe nazo kadhaa, za pamba, na ufue kila baada ya kuvaa. Nikabu vilevile. Helmeti ya abiria wa bodaboda imepita vichwa vingi. Funga kitambaa safi chini yake. Foronya ibadilishwe angalau mara moja kwa wiki, na wakati wa kaskazi mara mbili.

Wanaume: taulo ya kinyozi inayopita kutoka kidevu hadi kidevu inaweza kuleta vipele vya ndevu. Nenda na taulo yako, na umwambie asinyoe kwa wembe mpaka chini kabisa ikiwa ndevu zako hujikunja. Vipele vinavyotokana na kunyoa hivyo ni nywele zilizorudi ndani, na sabuni ya chunusi haivigusi.

## Liwa na manjano je?

Liwa, ule mti wa msandali unaosagwa, ni nzuri, sitaikataa. Ukiisaga kwenye jiwe kwa marashi ya mawaridi na kuipaka mara moja kwa wiki, hupoza uso na kunyonya mafuta ya juu. Iondoe ikiwa bado na ubichi. Ukiiacha ikakauka mpaka ikapasuka, inavuta maji ya ngozi nayo. Hakikisha ni liwa halisi, kwani unga wa kopo mara nyingi huwa na manukato.

Manjano hutia rangi kuliko inavyotibu. Singo ya bibi harusi ina mafuta na harufu, iishie shingoni.

Kuhusu chakula: mafuta ya viazi karai hayatokezi usoni, hayana njia ya kufika huko. Kilicho na ushahidi kiasi ni sukari nyingi na maziwa kwa baadhi ya watu wenye chunusi. Jaribu kupunguza soda kabla ya kumlaumu muuza bhajia.

## Nenda kwa daktari ukiona haya

Vipele vidogo vya ukubwa mmoja, vinavyowasha, vimejaa paji na kifua, na vinazidi wakati wa joto: huenda ni fangasi, na dawa za chunusi hazitasaidia. Mabaka yenye magamba kando ya pua na kwenye nyusi ni jambo jingine la kuonyesha.

Vinundu vikubwa vyenye maumivu vinavyoacha mashimo visisubiri wiki nane za mwongozo huu. Vivyo hivyo chunusi za kidevuni kwa mwanamke ambaye hedhi yake haina mpangilio au nywele zinamwota kidevuni. Hizo zinahitaji kipimo cha homoni.

Daktari anaweza kukuandikia vidonge vya isotretinoini, ambavyo hupunguza kazi ya tezi yenyewe. Ni dawa yenye nguvu, hulemaza mtoto tumboni, na huhitaji kufuatiliwa kwa vipimo vya damu. Mtu akikuuzia vidonge hivyo bila cheti cha daktari, mrudishie.

Unapokwenda, beba makopo yote uliyowahi kutumia, na lile la mkorogo pia, hata kama unaona haya. Daktari akijua kilichopita usoni, itakuwa rahisi kwake kukuandikia dawa sahihi.